Dumu Moja, Watu Wawili

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Nyakato tu wazima. Bibi yako ameanika michembe ya viazi vitamu na kutwa anagombana na kuku wa jirani.

Umeniuliza kama ulikosea kuchukua zawadi peke yako kwenye gemu, wakati mlicheza kama timu. Unasema zile filamu za kundi la mashujaa zinadanganya, kwa kuwa zawadi ni ya aliyewahi. Nami nilisema hivyo hivyo miaka ya tisini, gemu zilipoanza kuingia Mwanza. Nilicheza na rafiki yangu Masanja, pale kwenye kibanda cha video. Ukiokota chakula kwenye skrini, unaongezewa uhai. Masanja alikuwa karibu kufa, mimi mzima kabisa, lakini nikakiwahi.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa tunarudi mjini kwa mtumbwi kutoka Kamanga. Ziwa likachafuka, maji yakaingia, mtumbwi ukaanza kuzama. Sisi wawili tulikuwa na dumu tupu moja tu la kutusaidia kuelea, nalo alilishika Masanja. Mimi sijui kuogelea. Nililitazama lile dumu, nikakumbuka kile chakula, nikashindwa hata kumwomba.

"Shika upande huo," akaniambia.

Tulifika ng'ambo tumelishika wote wawili, vidole vimekufa ganzi.

Sasa mimi nikujibu nini, Kabula? Masanja ni mzee mwenzangu, jana tu tulikunywa chai pamoja. Hadi leo nikimtazama najiuliza: dumu lingekuwa mkononi mwangu, ningemwambia ashike?

Wasalimie wenzako.

Babu yako