Mume Wangu Haachi Kuuchonga Mtumbwi

Mshauri mpendwa,

Ugonile. Nakuamkia kwa salamu ya huku kwetu, kisha naomba msaada wako, tena naomba unijibu upesi, maana shauri langu haliwezi kungoja. Mimi ni mwanamke wa Kikisi, kazi yangu ni kufinyanga vyungu, na kijiji chetu kiko mbele ya Matema, chini ya milima, mahali ambapo majabali yanashuka mpaka ziwani na njia ya miguu ni ya mbuzi tu, kwa hiyo kila kitu kwetu huenda kwa mtumbwi, vyungu kwenda soko la Lyulilo, mchele na ndizi kurudi, na wagonjwa kwenda Matema kwenye nyumba ya dawa ya misheni.

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya mpunga, wifi yangu Naomi, mdogo wake mume wangu Sadoki, alishikwa na uchungu alfajiri, na wakunga walipoona mtoto amekaa vibaya wakasema apelekwe Matema, lakini mumewe Raphaeli alikuwa amepanda shambani kwake huko mlimani, na wazee wakasema mke wa mtu haondolewi kijijini mumewe hajui, basi akatumwa mtu kumwita, na aliposhuka jua lilikuwa limekwisha kupita utosini, ndipo tukamlaza Naomi kwenye mtumbwi wa Sadoki, mimi nikampakata kichwa, wanaume wakashika makafi. Mtumbwi ule ulikuwa wa mti mnene, baba mkwe aliuchonga ubebe vyungu, hakuuchonga ukimbie, na upepo wa mchana ulikuwa umeamka unatupiga ubavuni, na kila tukipanda wimbi tulikuwa kama tunaburuta gogo. Naomi akanishika mkono akaniuliza, "Wifi, bado?" Nikamwambia, "Tumefika, naiona miti ya misheni." Na kweli nilikuwa naiona, hata wanawake waliokuwa wakifua nguo pwani niliwaona, lakini mkono wake ulilegea kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Mtoto naye alikwenda na mama yake.

Tulipomaliza matanga Sadoki alichukua tezo akaingia ndani ya mtumbwi akaanza kuchonga, na nilipomuuliza akasema, "Ulikuwa mzito, Damari. Ungekuwa mwepesi tungefika." Sikumpinga, maana niliona heri mikono yake ipate kazi, na nakiri mwanzoni nilifurahi, kwa sababu mtumbwi ulianza kuteleza juu ya maji, tukawa tunafika Lyulilo wenzetu wangali njiani, na siku mzee Aliko alipoumwa na nyoka Sadoki alimfikisha Matema asubuhi ileile akapona, na mpaka leo Aliko kila akikutana naye humshika mikono miwili akisema ndaga, ndaga fijo, yaani asante sana, na kijiji kizima kinamsifu.

Lakini mshauri, hakuishia hapo. Kila akisikia sifa anarudi kwenye tezo. Amepunguza kingo, amepunguza tako la chini, na ile mbao ya katikati iliyokuwa inakaza mbavu ameing'oa akasema ni mzigo wa bure. Sasa ukiugonga unalia kama kibuyu, na mimi nikiwa nimekaa ndani nasikia maji yanasukuma chini ya mguu wangu kama tumbo la mtu anayepumua. Aliniambia nifinyange vyungu vyembamba ili mzigo upungue, nikafanya, vikapasuka motoni karibu vyote. Siku ya soko iliyopita upepo ulitukuta nje ya Lyulilo, mtumbwi ukalala upande mmoja ukanywa maji, tukatupa vyungu vyote ziwani ndipo ukainuka, na tulipofika nchi kavu badala ya kuogopa alisema, "Umeona? Ungekuwa mzito tungezama." Nikamwendea kaka yake, shemeji Hezekia, mwenye mtumbwi mkubwa wa zamani, nimwombe aseme naye, akanijibu, "Mwache, ndivyo anavyomlilia dada yake."

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Binti yetu Tulinagwe amerudi nyumbani kujifungua mimba yake ya kwanza, miguu imemvimba na wakunga wanatikisa vichwa, na baba yake amemwahidi mbele yetu sote, "Wewe hutakufa njiani, mwanangu. Uchungu ukikushika tu, nitakurusha mpaka Matema." Tulinagwe amemwamini, analala vizuri. Mimi silali. Nikiuangalia mtumbwi ule namwona binti yangu ndani ya maji, na nikimwangalia Sadoki namwona anavyouamini, nami sijui ni nani kati yetu anayeona sawa, maana ni kweli mtumbwi mzito ulituchelewesha na ni kweli mwepesi ulimwokoa Aliko. Nimefikiri nichukue jiwe niutoboe akiwa hayupo, asiwe na chombo cha kumpakia. Lakini siku hiyohiyo akija mgonjwa mwingine je? Na mume wangu akijua ni mimi? Nisaidie, mshauri, niutoboe au niuache?

Damari, mfinyanzi

JIBU

Mama Damari, barua yako sikuiweka katika zile zinazongoja kuchapwa. Jibu hili nimemkabidhi mwalimu anayekwenda huko kwenu, likufikie mkononi, maana mimba haingoji gazeti. Wasomaji wengine watalisoma baadaye.

Pole kwa Naomi. Pole sana. Mtu akikufia mkononi huku pwani unaiona, hilo jambo halina dawa, wala mimi sitajifanya ninayo.

Usiutoboe. Ukiutoboa kwa siri, Sadoki atachonga mwingine, tena mwembamba zaidi, na atauficha mbali nawe. Mwanamke mwenye akili ya kuandika barua kama hii anafikiria kuvizia mti kwa jiwe, badala ya kumwambia mumewe neno moja usoni? Mwaka mzima umekaa ndani ya mtumbwi unaokunywa maji, ukakubali hata kuharibu vyungu vyako, kwa sababu hutaki kumtonesha. Kumhurumia mtu si kumwachia azame. Na shemeji yako Hezekia mpelekee maneno yangu: anayemlilia dada yake kwa tezo mwishowe humlilia na mwanawe.

Umesema hujui kama wepesi una faida au la. Mimi nimezaliwa Lyulilo, nimeshika kafi kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo nitakujibu. Faida ipo. Ziwa likiwa limelala, mtumbwi mwepesi humshinda mzito bila ubishi. Lakini upepo ukiamka, mwepesi husukumwa kama jani, kila wimbi linausimamisha, mpiga kafi akipumzika nao umesimama. Mzito ukishaanza kwenda una nguvu yake wenyewe, na ule mti mnene wa chini ndio unaouzuia usipinduke. Baba mkwe wako hakuuacha kwa uvivu. Mume wako alipopunguza mara ya kwanza alifanya vizuri. Alipogusa tako na kuing'oa ile mbao ya katikati, hakupata mwendo wowote wa maana, ila amenunua hatari. Uzito wa kupunguza ni mwingine: vyungu vibaki nyumbani siku ya mgonjwa, wasindikizaji wabaki nyumbani, na mtumbwi usiachwe ndani ya maji siku zote ukalowana mpaka moyoni, bali uvutwe juu ukae kivulini. Na makafi yaongezwe. Najua vijana wengi boma la serikali limewachukua kwa kazi ya barabara, lakini wewe una mikono, na wanawake wenzako wanayo.

Sasa nisikilize vizuri, maana ninalosema ni chungu. Umeandika kwamba Naomi alishikwa na uchungu alfajiri. Umeandika kwamba mliondoka jua limepita utosini. Umeyaandika haraka, kama mtu anayepita mlangoni mwa anayemdai, kisha ukaniletea habari ndefu za mti. Asubuhi ile ziwa lilikuwaje? Naamini lilikuwa shwari, kama lilivyo asubuhi nyingi. Na mtumbwi uleule mnene ungefika Matema mapema. Aliko hakuokolewa na tezo peke yake. Aliko aliumwa, akapakiwa, wakaondoka, hakuna aliyetumwa mlimani kuomba ruhusa. Mtumbwi wenu haukumchelewesha Naomi. Ninyi ndio mliochelewa, wazee, na Raphaeli, na wote mliokaa pale mkingoja, na mume wako anajichonga mwenyewe kwa kosa ambalo mti haukufanya. Sisemi hivi ili muanze kumtafuta wa kumlaumu. Nasema ili Sadoki aambiwe, maana asipoambiwa atachonga mpaka aone jua kupitia mbao.

Fanya hivi. Mwambie wewe, mkiwa wawili, mchana, amekaa na amekula. Usimwambie mtumbwi wake ni mbaya. Mwambie habari za asubuhi ile. Kisha, yeye akubali au akatae, usingoje uchungu. Mpeleke Tulinagwe Matema sasa, mapema asubuhi, upepo haujaamka, kwa mtumbwi wa Hezekia, pole pole, akakae kwa ndugu yenu yeyote karibu na nyumba ya dawa mpaka ajifungue. Huna ndugu Matema? Nenda kwa wazee wa kanisa, wakuoneshe nyumba. Mumewe Tulinagwe apewe habari leo, atoe neno lake leo, lisije likatafutwa mlimani siku ya mwisho. Mwendo unaouhitaji, mama, ni wa kuondoka mapema.

Na huo mtumbwi mwembamba usimchukue mtu yeyote tena nje ya maji ya kina cha kiuno. Hilo nalo mwambie.

NYONGEZA

Jibu hilo lilipokuwa likipangwa kwa ajili ya kuchapwa, mwalimu alirudi na barua ya pili kutoka kwa Mama Damari. Ameniruhusu niichape.

"Mshauri, nilimwambia kama ulivyosema. Alinyanyuka akaenda pwani, akakaa siku kadhaa hasemi nami ila kuomba chakula, nami nikaogopa kwamba nimemvunja. Tulinagwe tulimpakia kwenye mtumbwi wa shemeji Hezekia kabla jua halijatoka mlimani, wanawake wanne na makafi, na tulipokuwa tunasukuma, Sadoki alikuja bila kuitwa akaingia nyuma akashika kafi. Tulikwenda pole pole na maji yalikuwa yametulia.

"Uchungu ulipomshika, Tulinagwe aliumwa siku mbili, na bibi wa misheni anayetibu hakutoka chumbani, na mtoto amezaliwa mzima, wa kike, na mama yake anakaa na kula. Bibi alipotoka kunawa mikono Sadoki alimfuata. Nilikuwepo, nilisikia. Akamuuliza, 'Dada yangu yule wa mwaka jana, kama tungemleta asubuhi, angepona?' Bibi alimaliza kunawa. Akasema, 'Labda. Wengine nawaokoa, wengine nashindwa. Lakini mlipomleta nafasi ya kumwokoa ilikuwa imekwisha kupita saa nyingi. Hata kama mngeruka kama ndege.'

"Sadoki akakaa chini kwenye mchanga, palepale, mbele ya watu. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya maziko hakulia. Alilia kama mtoto, akisema, 'Nililiona jua linapanda, Damari. Nilikuwa nimekaa. Ningempakia tu.' Nilikaa karibu naye nikamshika mgongo, na Raphaeli, aliyekuwa amekuja kumwona mtoto, akaja akakaa upande wa pili. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tulikaa hivyo mpaka bibi akatuita, maana mtoto alikuwa ameamka na Tulinagwe alitaka baba yake amshike."