Bibi wa Kwenye Tangazo

Mjukuu wangu Azhar,

Marahaba, hata kama hukuniamkia. Sisi wa Tabora wazima, mbuzi kazaa pacha, na asali kutoka Tura imefika, yako nimekuwekea.

Nihal, anayeniandikia haya, amenisomea tangazo lako la kuuza lile Buick la Kimarekani la babu yako: "Gari safi, limetembea kidogo, lilikuwa la bibi." Bibi gani, wewe? Mimi sijalikalia hata siku moja! Maharusi wa mji mzima wamelipanda, mimi naambiwa, "Fakhria, utachafua viti." Kila Ijumaa babu yako alikuwa analiosha kwa maji ya moto, mimi naoga ya baridi. Hata mke mwenza angeniachia zamu yangu.

Uliposema liuzwe nilipiga vigelegele. Lakini mwanangu, babu yako sasa hanijui. Jana kaniuliza, "We mama, umetumwa na nani?" Nikamtoa uani aote jua, akaliona gari lake, akatabasamu kama bwana harusi. Nikalipiga teke, mguu unaniuma mpaka sasa.

Basi mnunuzi asubiri. Njoo wewe na petroli, utupeleke hadi Kipalapala na kurudi. Ila kabla hujamtoa babu yako nje, nipandishe mimi kwanza, kiti cha mbele, na kanga zangu mpya. Safari hii akilitazama na kutabasamu, nataka mimi niwe ndani.

Bibi yako akupendaye, mkali vilevile,
Fakhria