Mfuko wa Mkojo wa Nekesa

Kitale, Jumanne, Agosti 2006

Na bado ule mfuko ulikuwa mkavu asubuhi. Tangu Nekesa ajifungue na kushikwa na homa, nimezoea kuangalia mfuko wa mkojo kabla ya kuangalia uso wa mke wangu.

Daktari aliniita kando. "Mwalimu, ule mkojo kidogo tuliopima jana unaonyesha figo zimevimba na kuumia. Maambukizi yameingia kwa damu. Mashine ya kusafisha damu iko Eldoret, lakini akiwa hivi hawezi kufika."

"Si tujaribu tu, daktari?"

Akatikisa kichwa. Nilimkasirikia, ingawa macho yake yalikuwa mekundu kama yangu.

Nikatoka nje kumbeba mtoto. Akanikojolea shati lote, mkojo wa moto, mwingi. Nikasimama pale nikilia kwa sababu mtoto yuko sawa.

Jioni Nekesa akakata roho. Ndugu zake kule Bungoma bado hawajui. Na huyu mtoto, sijui nitamlea vipi. Sijui hata...

Nilipotoka, mama yake Nekesa alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, amempakata mtoto. Tangu nioe hatujawahi kusalimiana kwa mkono, maana kwetu mtu na mama mkwe hawagusani.

"Nekesa amekojoa?" akaniuliza.

Nilitikisa kichwa. Mama akanitazama, kisha akanishika mkono, na hakuuachilia hata watu walipoanza kututazama.