Babu Yako na Divisheni Wani Yake

Mjukuu wangu Neema, mke mwenzangu,

Huku ughaibuni, hapa Rexdale, hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwacha, ubishi ndio haujamwacha.

Umeniuliza kama aliyepata ziro kidato cha nne ataweza kusoma kwa mtandao. Wee, hata mimi sielewi! Tulipohamia huku, mimi na babu yako tulijiandikisha kozi moja ya kutunza stoo, ya kusomea kwenye kompyuta. Yeye alikuwa na divisheni wani. Mimi nilikuwa na ziro kama wewe. Alipokwama alisubiri mwalimu amwite jina.

"Si umuulize?" nikamwambia.

"Mwanafunzi mzuri hamsumbui mwalimu."

Mimi nilishazoea kutoelewa, kwa hiyo niliandika maswali kila siku bila haya. Nikafaulu, yeye akaishia njiani. Nikadhani nimeijua siri. Kozi ya pili nikauliza vilevile, nikafeli! Sasa nikwambie nini?

Juzi babu yako alijiandikisha tena. Leo asubuhi nimemkuta mbele ya kompyuta, kafunga tai, ananinong'oneza, "Hivi swali linaanzaje?"

Ni mimi bibi yako, naenda kuvuta kiti nikae naye.