Mifereji Kumi na Mmoja

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimejiunga na wanaojitolea kutengeneza njia za msituni. Miaka hamsini na sita, magoti yanalia — lakini nimejiunga. Njia ya kupanda hadi chemchemi imefungwa tangu mvua za mwaka jana. Bibi Msitu, ndivyo tunavyomwita ofisa wa misitu, amesema ikistahimili mvua za mwezi huu itafunguliwa. Isipostahimili, itaachwa iote nyasi.

Baba watoto sijamwambia. Huko juu kuna benchi alilolitengeneza mwenyewe, enzi mikono yote miwili ilipokuwa ikimtii. Kiharusi kimemwachia wa kushoto tu. Kila asubuhi anatembea na fimbo, kitandani hadi jikoni, eti mazoezi ya kwenda kulikalia benchi lake. Nitaanzaje kumwambia kwamba njia huenda ikaachwa?

Jumatano, 8 Oktoba
Malengelenge manne. Kiongozi wetu, mwashi mstaafu tunayemwita Sururu, amenipa mifereji kumi na mmoja nichimbe, ya kutoa maji njiani. Alieleza weee, sikumsikiliza. Nani asiyejua kuchimba mfereji? Mimi fundi cherehani, nimeikata moja kwa moja, ukingo hadi ukingo, imenyooka kama upindo wa shati. Nimejisifu mpaka nyumbani.

Baba watoto kauliza tope la nini. Nimesema nimeanguka tena sokoni.

Jumapili, 12 Oktoba
Mvua jana kutwa. Leo nimepanda kuangalia — jamani. Mifereji yote imejaa mchanga. Maji yamepita juu yake yakachimba njia katikati.

Sururu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichora tu kwenye tope: mfereji ulale upande, maji yateleze nje. Mshazari! Mimi ninayekata sketi za mshazari tangu usichana! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nimevunjika kiuno, na kazi ni kuanza upya. Nimeona aibu, nikacheka, nikalia kidogo.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimemwambia baba watoto yote. Kauliza mifereji ina kina gani, akataka penseli. Kwa mkono wa kushoto, mistari ikitetemeka, kanichorea: gogo upande wa chini wa kila mfereji, likazwe kwa vigingi. Tulikaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Sijamwona hivyo tangu augue.

Akaongeza kwamba hakuna mtu anayeanguka sokoni mara tatu kwa wiki.

Jumamosi, 18 Oktoba
Kumi na mmoja, yote ya mshazari, kila mmoja na gogo lake. Sururu kamimina ndoo ya maji. Yakageuka, yakatoka nje. Kaenda kuteka nyingine, aone tena.

Jumapili, 26 Oktoba
Mvua siku nne mfululizo. Leo jua. Bibi Msitu amepanda kukagua, daftari mkononi. Nyuma yake baba watoto — hakuna aliyemwalika! Bibi Msitu kajifanya hamwoni.

Anakwenda kwenye benchi lake, na amekataa nimshike. Amesema, “Mama, kaa hapo, usinifanye mtoto.” Nimekaa kwenye gogo la mfereji wa kwanza; mvua haikuuziba. Naandika ili nisimfuate. Kasema atakuwa anagonga kila gogo kwa fimbo, nijue alipofika.

Kapita kona, simwoni tena. Mfereji wa tano. Wa sita. Anapumzika sana katikati.

Wa saba. Wa nane.

Kimya.

Kimya bado. Nimesimama, naandikia kwenye shina la mti.

Wa tisa.