Sakafu ya Ijumaa

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa Boito tuko wazima, ila nyanya yako magoti yanamsumbua. Unauliza kama uache ualimu, kwa kuwa darasa lako linabaki tupu.

Nilipokuwa mwalimu msaidizi, kijana mwenye haya, wanafunzi wetu wote walipelekwa kuchuma chai ya Wazungu. Kabla ya hapo, kila Ijumaa watoto ndio waliokuwa wakipaka sakafu ya udongo mavi ya ng'ombe ili kuzuia vumbi. Ijumaa ya kwanza bila wao nilimkuta mwalimu mkuu amepiga magoti, anapaka peke yake. Akina mama walimcheka mlangoni: "Mwalimu, umeolewa lini?"

"Watoto wakirudi wasikute vumbi," akaniambia.

Hawakurudi. Aliendelea kupaka, nami kando yake. Siku shule ilipobomolewa kwa kukosa wanafunzi, sakafu ilikuwa bado mbichi. Uamuzi ni wako, lakini harufu ya sakafu ile naipenda mpaka leo.

Babu yako