Ukija, Shuka Kwa Gwakisa

Baba Sekela, popote ulipo,

Ugonile, hujambo? Mtoto mzima. Nimemlaza mchana huu, mkono mmoja unampepea, mwingine unaandika, basi vumilia mwandiko.

Unakumbuka tulivyovunja kokoa nyuma kwa mama, wewe unamumunya utamu wake na kunirushia mbegu? Ndipo ulipouliza kwa nini kijiji chetu kinaitwa Kwa Sekela. Nikakusimulia: mto ulifurika, Sekela wa kwanza, mama wa bibi yangu, mumewe akapanda mtumbwi peke yake akaenda zake. Sekela akabaki kwenye mwinuko na watoto, akawapikia ndizi wote waliokimbia maji. Watu wakawa wanasema, twende kwa Sekela. Ulicheka ukashika mbavu. "Kijiji kizima jina la mwanamke aliyeachwa! Subiri wewe. Iko siku watu watashuka kwenye gari wakitaja jina langu."

Nikacheka na wewe. Nilikupenda.

Halafu ile siku mtoto ana homa, ukatuacha pale kalavatini, kando ya barabara. "Nisubirini hapa hapa, nafuata dawa Ipinda." Jua likatuchoma, mvua ikatunyeshea. Mama Ntuli, muuza dagaa wa usipa, akauliza, "We mwanangu, unamsubiri nani?" Nikasema, Gwakisa. Akaacha biashara yake akatupeleka zahanati.

Tangu hapo kila aliyeniuliza nilimjibu: nilikuwa pale alipotuacha Gwakisa. Sikumficha mtu. Si unajua kwetu, mahali hupewa jina la mtu kwa alichokifanya pale, kiwe kizuri, kiwe kibaya. Bodaboda wakafupisha.

Sasa nasikia baada ya mavuno unakuja na wazee wako kumchukua Sekela, eti mtoto ni wa ukoo wa baba. Karibuni. Chai ipo. Ila pale Ipinda mwambie bodaboda akushushe Kwa Gwakisa. Usijitaje. Muulize tu, huyo Gwakisa alikuwa nani, wazee wako wakisikia. Atawasimulia yote, na chumvi ataongeza mwenyewe. Akichoka, Mama Ntuli atamalizia.

Ukivuka hapo ukiwa bado na uso, njoo uniombe mtoto. Jibu langu ni hapana, lakini nataka ulifuate kwa miguu yako.

Juzi tumeshuka pale, konda anaita jina lako, Sekela akanivuta kanga: "Mama, Gwakisa ni nani?"

Nikamwambia, "Ni kituo, mwanangu."

Ni mimi,
Mama Sekela, wa Kwa Sekela